Kamera ya Kwanza ya Mtoto, na Kwa Nini Isiwe Simu

Swali ambalo akina mama wengi huniletea siku hizi baada ya darasa la alasiri si la twahara wala la mirathi. Huniuliza: mtoto wangu amependa kupiga picha, je, nimpe simu? Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi, na sasa naona heri niliandike, kwa kuwa mwaka huu limeingia nyumbani kwangu mwenyewe. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi, alimaliza kuhifadhi juzuu ya Amma, na babake alikuwa amemuahidi zawadi yoyote atakayoitaja. Hakutaja nguo wala baiskeli. Alitaka kamera.

Binti yangu, yaani mamake, alinijia na mambo mawili. "Baba," alisema, "kwanza hizo picha zenyewe zafaa? Na zikifaa, tutapata wapi pesa za kamera?"

Hilo la kwanza nitalipitia kwa ufupi, maana wasomaji wengi wamekwisha kulisikia. Wanazuoni wamekhitalifiana. Wako waliozikataa picha za viumbe vyenye roho isipokuwa za dharura, kama za kitambulisho na pasipoti. Na wako waliozijuzisha, miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914, ambaye aliandika risala akieleza kuwa kamera haiumbi sura, bali huzuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuwepo. Mimi nafuata kauli hiyo, na asiyeifuata simlaumu. Hata yeye aweza kumpa mtoto kamera akapiga majahazi, minazi na milango ya Mji wa Kale. Tena tusiione kamera kuwa kitu kigeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliichunguza sura ya jua lililopatwa kwa kuipitisha nuru yake katika kitundu kidogo hadi ndani ya chumba cha giza. Neno lenyewe kamera, kwa Kilatini, maana yake ni chumba.

Lililonishughulisha zaidi ni simu. Wazazi husema kuwa simu ni kamera tosha na kwamba pesa za pili ni za nini. Kwa mtu mzima nakubali. Lakini picha iliyopigwa kwa simu yenye intaneti yaweza kutoka nyumbani kabla mama hajaiona. Mtoto huituma kwa rafiki, rafiki huiweka katika kundi la darasa, na kufikia magharibi nyanya amekwisha kuonekana kichwa wazi na watu asiowajua. Sisemi haya kwa dhana. Kila mwanamke asomaye ukurasa huu ajua kwa nini siku hizi simu hukusanywa mlangoni katika shughuli za kumpamba bibi harusi. Kamera ndogo ya kawaida, isiyo na waifai, haina pa kuzipeleka picha. Zimo ndani ya kadi yenye ukubwa wa ukucha, na kadi hiyo mama aweza kuitoa akaifungia kabatini. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu: usiitafute kamera kwa kutazama yale iwezayo tu, tazama pia yale isiyoyaweza.

Ama pesa, hapo yataka subira na macho. Jirani yetu alikuwa amemnunulia mwanawe kamera mpya ya watoto, ya plastiki ya rangi ya waridi, yenye masikio ya paka. Boksi lake lilitangaza megapikseli nyingi kushinda kamera za watu wazima. Picha zake zilitoka kama zimepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke, na ndani ya nyumba hazikutoka kabisa. Vitu vya namna hii vingi huwa na jicho dogo duni, kisha programu huzitanua picha ili hesabu iwe kubwa. Mtoto wa miaka minne atafurahi nacho kama kichezeo. Mtoto wa miaka kumi mwenye hamu ya kweli atakichoka katika wiki moja, na mzazi atadhani hamu ndiyo iliyokwisha.

Hizo megapikseli zenyewe ni nukta tu. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kanda ya kaseti. Leo, ili kuchapisha picha safi ya sentimita 10 kwa 15, ile ya kawaida ya albamu, nukta milioni mbili zatosha. Kwa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 zahitajika kama milioni tisa. Basi kamera ya megapikseli 8 hadi 12 yamtosha mtoto kabisa, na kamera za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi kabla simu hazijazila. Nyingi zimelala katika droo za watu. Anza hapo kabla ya dukani: muulize ami aliye Muscat, muulize khaloo aliyerudi kutoka Dubai na kamera mwaka ule wa harusi na hajaigusa tena.

Sisi hatukubahatika katika droo, ikabidi twende mjini, mimi na mjukuu, kwa mwuzaji wa vitu vilivyotumika. Nilikwenda na mambo yangu matatu kichwani.

La kwanza ni betri. Kamera nyingi ndogo hutumia betri yake maalumu, na betri hiyo ikifa, kuipata nyingine ni taabu, na chaja mara nyingi imekwisha kupotea. Nilitafuta inayotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo kila duka la mtaani huuza. Tanbihi: zile za bei rahisi kabisa hufa baada ya picha chache, kwa hiyo nunua za alkali, au bora zaidi nunua nne za kuchaji, mbili zikifanya kazi mbili zikipumzika.

La pili ni kadi. Kamera nyingine za zamani hutaka kadi za aina ya xD au Memory Stick, ambazo zimeadimika. Achana nazo, hata ukipewa kwa bei ya embe. Taka inayotumia kadi ya SD, na uijaribu kadi yako hapo hapo dukani, kwa sababu zilizo kongwe zaidi hazisomi kadi iliyozidi GB 2.

La tatu ni lenzi. Washa, uone inatoka na kurudi bila kukwaruza. Kisha itazame kwa upande karibu na mwanga: ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na pwani yetu, kwa unyevu wake, ni shamba la kuvu. Mwuzaji alinionyesha kamera moja nzuri sana kwa nje yenye utando huo na akaapa kuwa ni vumbi. Nikamrudishia. Alinisifia nyingine pia kwa kuwa "inavuta mara ishirini", lakini sehemu kubwa ya huko kuvuta ilikuwa ya kidijitali, ambayo ni kuikata picha na kuitanua tu. Kuvuta kwa lenzi yenyewe ndiko kwenye maana, na mara tatu au nne zamtosha mtoto, naye atajifunza kuikaribia picha kwa miguu yake.

Tuliondoka na Canon PowerShot A1200, ya mwaka 2011, megapikseli 12, inayovuta mara nne kwa lenzi, yenye betri mbili za AA na kitundu cha kuchungulia kinachofaa sana jua linapowaka na kioo cha nyuma kisionekane. Niliilipia shilingi 4,500 baada ya kubishana. Siku hizi vijana wamezirudia kamera hizi kwa ajili ya fasheni, na bei zimepanda, kwa hiyo mwenye kuamua asikawie. Nyumbani tumeiweka katika kopo la plastiki lenye mfuniko mzuri, pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ufukweni haendi nayo bila mfuko, maana chembe moja ya mchanga katika shingo ya lenzi yaweza kuimaliza.

Shida haikukawia. Wiki ya tatu ilikuwa harusi ya khaloo yake mdogo, na mtoto akataka kwenda na kamera katika shughuli ya wanawake. Mamake alikataa. Mke wangu alimhurumia. Mtoto alilia, akaja kwangu: "Babu, mimi ni msichana, na wao ni wanawake, haramu iko wapi?" Hoja yake haikuwa nyepesi, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimuuliza kama wale wageni wote wamemruhusu, na kama aweza kuwauliza mmoja mmoja. Akanyamaza. Mwisho bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesuluhisha: alimwita mchana, kabla ya wageni, akampa mikono yake yenye hina na kikuba cha asumini aipige apendavyo, kisha kamera ikafungiwa kabatini na ufunguo akapewa mke wangu. Wako waliosema tumemkaza mtoto, na wako waliosema tumemlegezea. Mimi naiona hukumu ya yule bibi harusi kuwa nzuri kuliko ambayo ningeitoa mimi.

Tangu hapo amejiwekea desturi yake, ya kumwonyesha mtu picha kabla ya kuondoka mbele yake, na akiambiwa futa, hufuta. Mke wangu hataki kupigwa uso, hivyo amepigwa mikono akikuna nazi juu ya mbuzi. Amepiga mlango wa madrasa, paka wa Marikiti, na kiatu changu, sijui kwa nini. Katika picha 312 tulimwambia achague 24 tu za kuchapisha, na alikaa siku mbili akizichagua. Kinachotushinda sasa ni albamu, zile za mifuko, ambazo zimeadimika madukani. Mwenye kujua zinapouzwa na aniletee habari baada ya swala ya Ijumaa.