Kikombe cha Uji Huko Mishamo

Ukitoka Mpanda mjini kwa barabara iendayo Uvinza na Kigoma, utapita miombo mingi kabla ya kuchepuka kwenda Mishamo. Tulikwenda wakati wa kiangazi, akina mama watatu wa kanisa, wawili kati yetu wauguzi. Tulifika vumbi limetujaa hadi kwenye kope.

Wapenzi wasomaji, Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Wanalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Vijiji viko mbalimbali, na hilo mama mwenye mtoto asiyetembea analijua vizuri kuliko sisi tuliokuja kwa gari.

Katika nyumba moja tulimkuta mama kijana akimlisha uji mwanawe wa miaka sita, mwenye mtindio wa ubongo. Amemlaza chali mapajani. Mtoto anakakamaa, uji unamwagika, mama anampigia kelele, mtoto anazidi kukakamaa. Mwishowe mama akakiweka kikombe chini kwa kishindo na kuugeuzia uso ukutani.

Hapo ndipo sisi tulipokosea. Mmoja wetu alianza kumwambia kuwa mtoto ni zawadi ya Mungu. Ni kweli, lakini halikuwa neno la saa ile, naye akanyamaza kabisa. Ni bibi jirani aliyetuokoa. Alisema kwa Kirundi kwamba binti huyu ana *intimba*, yaani huzuni ya moyo. Tukaketi mkekani, tukamwuliza, "Mama, wewe mwenyewe, saa ya uji ikifika unajisikiaje?"

"Naogopa," alisema. "Naona aibu, maana watu huuliza nimekosa nini. Halafu nakasirika, na usiku najilaumu mpaka alfajiri."

Tulitazamana. Kwa miaka mingi tumepima uzito wa watoto kama huyu na kutoa mashauri, bila kumwuliza mama swali hilo.

Tulimweleza kwamba ubongo wa mtoto wake uliumia, na kwamba kelele au mkono wa ghafla hukaza misuli yake bila yeye kutaka. Hakuwa mkaidi. Mama alilirudia neno hilo mara mbili: si mkaidi? Basi hasira ya mama ilikuwa inamkakamaza mtoto, na kukakamaa kwake kunaongeza hasira. Anayeweza kuanza kuukata mzunguko huo ni mtu mzima. Tulikubaliana kwamba akiona kifua chake kinabana, aweke kikombe chini, atoke hadi mlangoni, avute pumzi, ajiambie wazi, "Nimekasirika," au "Nimechoka," ndipo arudi.

Kisha tulimkalisha mtoto wima, mgongo umeegemezwa, kichwa kimeinama mbele kidogo. Uji mzito kiasi, kijiko kidogo, na kusubiri ameze. Tulitumia karibu saa nzima kwa nusu kikombe. Lakini hakupaliwa, na katikati alimtazama mama yake usoni kwa muda mrefu.

Baba alikuwa amesimama nje muda wote, jembe begani. Tulikwisha kumhesabu kuwa hajali. Alipoulizwa, alisema huenda kwenye tumbaku kabla ya kucha ili asione mtoto akilishwa. Halafu akauliza habari za shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu kama wenzake. Njia ya kumfikisha huko, na mwalimu anayejua kumfundisha, hayo ni mambo mengine, wala hatukumficha.

Tulipokuwa tunapanda gari, baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, akimwuliza mkewe kijiko kipitishwe upande gani.