Kengele ya motokari haioni bordire

Juma hili hatuzungumzi juu ya likelemba wala juu ya homa za watoto. Tunazungumza juu ya magurudumu ya motokari. Msigeuze ukurasa mapema. Hata asiye na motokari anapanda ya jirani au teksi, na watoto wake wanacheza katika lupango ambamo motokari inaingia na kutoka. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Sisi ni walimu tisa wa shule moja ya msingi hapa Lubumbashi, wamama wote. Tulichanga miaka minne, tukanunua pamoja motokari moja ya okazio iliyotoka Japani. Ilishuka bandarini Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kuume. Ukiiwasha, sauti ya mwanamke inatusalimia kwa Kijapani, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua anasema nini. Tunamwitikia tu: "Jambo, dada."

Tuliinunua kwa ajili ya kazi tatu: kuleta vitu vya soko, kwenda kwenye misiba, na kupeleka hospitali mgonjwa au mama mwenye uchungu. Watatu kati yetu wana ruhusa ya kuendesha. Siku ilipofika tuliandika sheria katika daftari: anayeikwaruza, analipa mwenyewe. Tuliona ni sheria nzuri, na wote tukatia sahihi.

Kilichotufurahisha zaidi kilikuwa kengele yake. Nyuma, katika parashoki, kuna vidude vinne vya mviringo ambavyo mafundi wanaita kapteri. Unaporudi nyuma na kukaribia ukuta, kengele inalia bip, bip. Ukizidi kukaribia, inalia haraka zaidi. Ukifika karibu sana, inalia mfululizo bila kupumua. Papa mmoja jirani alituambia: "Wamama, hii inaona kwa ajili yenu." Tukamwamini.

Katikati ya Desemba mmoja wetu alikuwa anairudisha nyuma ili kuisimamisha kandokando ya barabara, mbele ya duka la dawa. Wawili wengine tulikuwa ndani. Sisi huku tunaendesha upande wa kuume, na usukani wetu uko kuume, maana yake mwendeshaji alikuwa ameketi upande uleule wa bordire. Angefungua kioo na kuchungulia chini, angeiona. Lakini alikuwa anasikiliza kengele, na sisi vilevile. Kengele ilikuwa inalia polepole, bip, bip, kwa sababu ya motokari nyingine iliyosimama nyuma kwa mbali. Halafu tukasikia krrr, na gurudumu la nyuma likagonga.

Tulishuka. Janti ilikuwa imekwaruzwa, na ubavuni mwa mpira kulikuwa na alama yenye urefu wa kidole. Bordire ilikuwa pale pale, beto ya urefu wa shubiri hivi, imetulia. Kengele haikuwa imesema neno juu yake.

Baadaye tulitafuta kuelewa, maana mwalimu hapendi kuacha swali wazi. Kapteri hazina macho. Zinatoa sauti nyembamba sana ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, sauti ile inagonga kitu na kurudi, na mashine inapima muda uliopita. Ni sawa na watoto wanaopiga kelele mbele ya ukuta mrefu wa masomo ili wasikie mwangwi, au popo anayeruka usiku bila kugonga mti. Sauti inakimbia karibu meta 340 kwa sekunde moja, kwa hiyo hesabu yenyewe inafanyika upesi sana. Lakini kama mwangwi haukurudi, mashine inafikiri kwamba hakuna kitu.

Tulichukua rula ya kalasi tukapima. Kapteri zetu ziko sentimeta 50 kutoka chini. Bordire ile ina sentimeta 15. Ukiwa karibu nayo, sauti inapita juu yake na kwenda zake. Tena kapteri ziko nyuma tu. Ubavuni hakuna hata moja, na gurudumu linakwaruzwa ubavuni.

Siku moja ya posho, watoto wakiwa kwao, tulifanya jaribio katika uwanja wa masomo. Motor imezimwa, breki ya mkono imevutwa, ufunguo umewashwa tu ili kengele ifanye kazi. Tuliweka kila kitu nyuma ya motokari, hatua moja hivi. Ukuta wa ubao: ililia vizuri. Tofali lililolazwa chini: kimya. Fimbo nyembamba: mara ililia, mara ikanyamaza. Blanketi laini lililotundikwa kwa kamba: ililia kwa kuchelewa, kwa sababu kitu laini kinameza sauti. Tulipaka matope juu ya kapteri mbili: kengele ikachanganyikiwa kabisa. Tukaisukuma mpaka karibu na kanivo, lile shimo refu la mai kandokando ya barabara: kimya. Shimo halirudishi mwangwi.

Mwisho tuliweka ndoo ndogo ya mai chini, karibu kabisa na parashoki, urefu wake kama mtoto anayetambaa. Kimya. Tuliitazama ile ndoo bila kusema kitu. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri juu ya mtoto wake.

Sasa turudi kwa mpira ule, maana hapo ndipo sisi wenyewe tulikosa zaidi kuliko kengele.

Siku chache baada ya kugonga bordire, ubavuni mwa mpira kulitokea nundu, kama shavu la mtoto mwenye jino bovu. Yule aliyekuwa anaendesha alimpitia kwado. Kwado aligusa nundu kwa kidole akamwambia: "Mama, huu hauna dawa. Tundu la misumari kwenye uso wa mpira ninaziba. Ubavu ukivunjika ndani, hakuna wa kuushona. Tafuta mwingine." Akamweleza kwamba ndani ya mpira kuna nyuzi zinazoushika, na kwamba bordire inaubana ubavu kati ya beto na chuma cha janti mpaka nyuzi zinakatika. Hapo upepo unasukuma kaucho nje, na siku moja unapasuka.

Mwenzetu hakuwa na feza. Mshahara ulikuwa bado kufika, ada ya watoto ilikuwa inamngojea, na sheria ya daftari ilisema analipa mwenyewe. Akanyamaza. Akaanza kuisimamisha motokari upande ule ukiwa umegeukia ukuta. Wengine wetu tuliiona nundu ile tukiosha motokari. Tulinyamaza pia. Tulisema moyoni: si mimi niliyegonga.

Usiku mmoja wa Januari, mvua ikinyesha, mmoja wetu alishikwa na uchungu. Tuliondoka wanne: yeye, mama mkwe wake, mwendeshaji, na mwingine wa kumshika mkono. Katikati ya njia tukasikia mlio mkubwa, motokari ikavutwa upande. Ni Mungu tu kwamba tulikuwa tunaenda polepole. Gurudumu la akiba lilikuwemo, lakini lilikuwa halina upepo. Hakuna aliyekuwa amelipima tangu siku tuliponunua. Tulipiga simu kwa kila mtu tuliyemjua. Mama mkwe alikuwa amemfunika mgonjwa kwa kitenge chake, anamwambia: "Pumua, binti yangu, pumua." Ilipita karibu saa nzima kabla ya bwana wa mwenzetu mwingine kufika na motokari ya mkubwa wake.

Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko. Ni msichana, na mama yake ana afya. Tunamshukuru Mungu. Lakini saa ile moja ndani ya mvua hatuisahau, na hatuwezi kuiita bahati mbaya. Ilianza mbele ya duka la dawa, juma nne nyuma.

Katika mkutano uliofuata, aliyegonga bordire alisimama akaeleza yote, akilia. Alipokwisha, mwingine akasema: "Mimi pia niliiona nundu." Kisha mwingine. Kumbe watano kati yetu tulijua. Yaya mmoja, aliyefundisha miaka mingi kutupita, akatuuliza: "Katika kalasi yenu, mtoto mkimpiga kila mara anapovunja sahani, siku nyingine anafanya nini?" Tulijibu pamoja: "Anaficha vipande." Hiyo ndiyo sheria tuliyokuwa tumejiandikia.

Tuliifuta. Sasa kila mmoja anaweka feza kidogo kila juma katika kisanduku cha motokari, na mpira mpya ulinunuliwa na wote. Anayegonga kitu anasema siku ileile, na akisema hatozwi. Anayeona na kunyamaza, huyo ndiye tunamwita mbele ya mkutano.

Na haya ndiyo tunayofanya sasa barabarani. Mmoja wenu akiyafuata, tutafurahi.

Kwanza, kabla ya kupanda tunaizunguka motokari kwa miguu, mzunguko mzima. Tunatazama chini yake, nyuma yake, na kila mpira. Katika lupango hakuna anayerudi nyuma mpaka kila mtoto ameonekana kwa macho na ameshikwa mkono na mtu mkubwa. Kusikia sauti zao hakutoshi. Tunawahesabu kama tunavyowahesabu kwenye mstari asubuhi.

Pili, mtu mmoja anashuka na kusimama nje, mahali ambapo mwendeshaji anamwona kwenye kioo. Asisimame nyuma ya motokari. Mwendeshaji asipomwona tena, anasimama mara moja.

Tatu, tunainamisha kidogo kioo cha pembeni upande wa bordire ili tuone gurudumu la nyuma na mahali linapokwenda. Tukimaliza tunakirudisha. Na kwa kuwa usukani wetu uko kuume, tunafungua dirisha na kutazama. Bure kabisa, haihitaji fundi.

Nne, tunakumbuka kwamba motokari ikikata kona, gurudumu la nyuma halifuati njia ya lile la mbele. Linakata ndani zaidi, na ndilo linapanda bordire. Kwa hiyo tunaenda mbele kidogo zaidi kabla ya kukata, na tunaacha nafasi. Afadhali kusimama kiganja kimoja au viwili mbali na bordire kuliko kuibusu.

Tano, kama hakuna njia nyingine isipokuwa kupanda bordire, tunaipanda polepole sana, gurudumu likiielekea usoni. Tusiiparuze kwa ubavu. Na hatuachi mpira umebanwa juu yake usiku kucha.

Sita, tunapima upepo wa magurudumu mara mbili kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari, mpira ukiwa baridi. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa mwendeshaji. Mpira wenye upepo kidogo unaumia upesi zaidi ukigonga. Tunapima pia gurudumu la akiba. Hilo hatuhitaji kueleza tena.

Saba, tunapangusa kapteri kwa kitambaa chenye mai, hasa wakati huu wa mvua, maana udongo wetu mwekundu unashika. Hatujaichukia kengele. Inatusaidia juu ya ukuta na juu ya motokari ya jirani. Lakini tunaisikiliza kama tunavyomsikiliza mtoto wa kalasi ya kwanza anayetuletea habari: tunamshukuru, kisha tunakwenda kutazama wenyewe.

Siku ya posho ijayo, baada ya mkutano, motokari yetu itakuwa katika uwanja wa masomo na tutarudia jaribio la ndoo mbele ya wote. Njooni na mabwana zenu wanaoendesha, na vijana wenu wanaojifunza. Mtoto aliyezaliwa usiku ule atakuwa hapo pia, mgongoni mwa mama yake.