Moto Hauondoi Kila Kitu

Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye kauri na mifupa, na msimamo niliofikia ni mmoja: siku pandikizi la mfupa litakapotengenezwa kutokana na mifugo ya Turkana, ubora wake utaamuliwa kisimani na machinjioni kabla ya tanuri kuwashwa. Wenzangu wa fani husifu moto, nao wana sababu. Kichwa cha fupa la paja la ng'ombe kikichemshwa, kikaondolewa mafuta, kisha kikachomwa polepole hadi nyuzi 900 hivi za selsiasi, kolajeni yote huteketea. Hubaki madini meupe ya haidroksiapataiti, takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu, yenye matundu yaliyoungana ya mikroni mia kadhaa, ambamo seli na mishipa ya damu ya mgonjwa hupenya. Daktari wa Lodwar au Kakuma akiwa nayo, mara nyingi hatalazimika kuchukua mfupa nyongani na kumwachia mgonjwa jeraha la pili.

Lakini floraidi iliyomo mfupani haiondolewi na moto huo. Ushahidi uko Nakuru, ambako Jimbo Katoliki limetumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi katika maji ya kunywa. Mkaa huo hufaa kwa sababu apataiti huinasa floraidi, na mfupa wa mbuzi aliye hai umejengwa kwa madini ya jamii hiyo hiyo. Maji ya Ziwa Turkana na ya baadhi ya visima vya kaunti hupita kikomo cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita, na mnyama anayeyanywa kwa miaka huilimbikiza mifupani. Wapo watakaosema floraidi huimarisha madini, basi hasara iko wapi? Hasara ni uimara wenyewe: haidroksiapataiti tayari huondoka mwilini polepole mno, na floraidi huifanya izidi kuwa ngumu kuyeyuka.

Wengine watasema mfugaji huhamahama, hivyo asili ya mfupa haifuatiliki. Mfugaji wa Turkana anajua kundi lake limenywa wapi. Anayekosekana ni wa kumuuliza na kuandika daftarini. Tena mnyama mchanga amelimbikiza kidogo kuliko mzee, na majivu ya kila fungu yanapimika maabara. Na anayeona heri kuagiza ng'ambo akumbuke kwamba, baada ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa wa Uingereza, watengenezaji wa ng'ambo nao walitakiwa kuonyesha ng'ombe wao wametoka wapi. Daftari hilo hilo litamjibu Mwislamu wa Kakuma anayeuliza ni mnyama gani na alichinjwa vipi. Mfupa ambao hakuna anayejua ulikotoka usiwekwe mwilini mwa mtu, hata utoke tanurini mweupe namna gani.