Majina ya Wageni wa Staa Yalifutika Usiku, Mkosaji Mimi

Jamani leo natubu hadharani. Kuna mdada wa Bongo Movie, jina kapuni, mwaka jana alikuwa anaandaa bethdei yake. Mimi nampaka mekapu siku nyingi. Nikiwa namchora nyusi nikajipendekeza: "Dada, najifunza kutengeneza programu za mtandaoni, nikufanyie moja wageni wathibitishe humo?" Akacheka. "Sawa mdogo wangu, ila usinidhalilishe." Kiherehere hiki!

Kuandika haikuwa ngumu. Python na Flask, fomu yenye jina na namba ya simu, kama mistari 40 ya kodi (kodi ya kompyuta, sio ya mwenye nyumba). Kwenye laptopu ikapendeza, pinki tupu. Nikamtumia linki kwa mbwembwe: http://127.0.0.1:5000. "Mbona haifunguki?" Nikamwambia azime data awashe tena. Maskini dada wa watu, alizima mara tatu! Kumbe ile anwani maana yake ni "kifaa hiki hiki", alikuwa anajitafuta mwenyewe ndani ya simu yake.

Ndio nikaijua klaudi. Ni kompyuta ya watu wengine, iko macho muda wote, na ina anwani inayofikika popote. Unaweka kazi yako GitHub, unaunganisha akaunti, wao wanaipandisha hewani. Ila kule hawajui ulichosakinisha kwako, kwa hiyo unawaorodheshea kwenye faili la requirements.txt. Mimi Flask nilisahau kuiandika. Ikagoma, nikalia, halafu ndio nikasoma logi (anza na logi, machozi baadaye): flask haipo. Neno moja tu! Saa tano usiku ikawa hewani, nikaruka kitandani kama mtoto.

Ijumaa watu 83 wakathibitisha. Jumamosi asubuhi nafungua: sifuri.

Majina nilikuwa nayatunza kwenye faili la SQLite, folda moja na programu. Kwenye laptopu haina shida. Kule nilikopata nafasi ya bure diski ni ya muda tu, programu ikiwashwa upya inaanza na nakala ileile uliyopandisha, vilivyoandikwa baadaye vinapotea. Walieleza tangu mwanzo, mimi ndio sikusoma. Ilitakiwa databesi inayokaa pembeni, kama PostgreSQL, na nywila yake iwekwe kwenye mipangilio ya seva, sio kwenye kodi ambayo yeyote anaweza kuisoma GitHub.

Hilo nililirekebisha kabla ya saa nne. Kumpigia simu ndio ilikuwa shughuli. Mpishi alikuwa anataka idadi mchana ule. Nikafikiria kusingizia mtandao, nafsi ikanisuta.

"Dada, majina yamefutika. Kosa langu."

Kimya.

"Yote?"

"Yote."

Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa napiga skrini shoti kila nikiona staa kathibitisha, nikajidai nazo."

Tukapata 51 kwenye skrini shoti zake. Waliobaki tuliwatafuta kwa simu, yeye kakaa upande huu wa kochi, mimi ule, vocha zangu. Pesa yangu hakunipa na sikumdai.

Siku ya bethdei nilisimama mlangoni nahakiki wageni kwenye laptopu. Chini ya laptopu kulikuwa na daftari, majina yote 83, kwa kalamu.