Njano Isiyo na Msimu

Kule Canada, nchi iliyoweka jani la maple kwenye bendera yake mwaka 1965, majani yakianza kugeuka njano watu hutoka na kamera. Kwetu Kagera, mgomba ukigeuka njano kabla ya wakati watu hutoka na panga. Na panga lenyewe ndilo tatizo.

Mimi naishi Bukoba mjini, kazi yangu ni kuandika habari. Mama yuko Muleba, kwenye kibanja alichomkabidhi marehemu baba. Simu zake huanza na migomba, afya yake huja baadaye kama ikibaki salio. Siku moja alianza hivi: "Mwanangu, kuna jani limelala."

Basi nikaanza kumhoji kama nahoji shahidi. Maana si kila njano ni msiba. Jani la chini kabisa likikauka, huo ni uzee tu. Njano ikianzia kingo za majani ya zamani, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi, na ndani ya shina ukakuta nyuzi za kahawia nyekundu, huo ni mnyauko wa fuzari. Unazipenda ndizi kama kisukari, lakini ebitoke vyetu vya kupika huuvumilia.

Mama akasema jani ni changa, limelegea kama limemwagiwa maji ya moto. Ua dume limenyauka. Ndizi mbili tatu kwenye mkungu zimeiva peke yake, nyingine mbichi, na alipoikata moja ndani ilikuwa kahawia. Nikamwambia akate shina, asubiri kidogo. Dakika chache tu, ute wa njano ukatoka.

Unyanjano. Bakteria huyu alielezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, binamu wa mgomba. Uganda akaonekana mwaka 2001. Na mwaka 2006 akabisha hodi Tanzania, tena Muleba yenyewe. Dawa ya kumponya mgomba hakuna. Wadudu humbeba kutoka ua dume hadi ua dume, miche ya kupeana humsafirisha, lakini msafirishaji hodari ni sisi wenye visu.

Hapa ndipo pagumu. Kibanja cha Mhaya hakiishi bila kupunguziwa majani, na kijana anayefanya kibarua hicho hupita kibanja hadi kibanja na panga moja. Majirani nao huazimana. Kumnyima mtu panga ni kumwambia hamjuani tena. Ugonjwa huu umepita kwenye ujirani wetu, na sijui mabango mangapi ya kilimo yanaweza kushindana na aibu ya kumwambia mtu "hapana".

Zamani kidogo ushauri ulikuwa kung'oa kisiki chote, mama na watoto. Kwa mjane mwenye kibanja kimoja, hiyo ni kumwambia ang'oe chakula chake kwa mikono yake. Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hafiki kwenye kila chipukizi, kwa hiyo ukikata shina linaloumwa tu, chini kabisa usawa wa udongo, na kurudia kila unapoona jingine, ugonjwa hupungua taratibu. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Panga lipite motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mbuzi afungwe mbali. Miche isitoke kwenye kibanja kinachoumwa, hata akiomba shangazi.

Mama alikubali yote isipokuwa mgomba mmoja, ule uliosimama kando ya kaburi la baba. Kwetu wafu hulala kibanjani, na mgomba ule aliupanda baba mwenyewe. Ulikuwa na shina moja linaloumwa. Alikaa nao siku tatu. Ya nne akalikata, akanipigia: "Waitu, nimemwambia nimetoa kidole, mkono upo."

Kijana wa kibarua alimcheka alipoletewa kaa la moto. Akaambiwa apitishe panga au arudi kwao. Akapitisha.

Jumapili iliyopita alikata shina la saba. Nikamuuliza panga liko wapi. Akasema liko mekoni, na jirani amekaa kwenye kigoda, anasubiri lipoe aliazime.