Maji Niliyoyadharau

Kosa la mwalimu huenda mbali kuliko kosa la mwanafunzi, kwa kuwa hurithiwa na wengi. Nataka kueleza kosa langu moja, ili vijana wapate faida yake.

Siku moja nilikuwa nikifundisha kemia. Nilieleza kazi ya mabingwa wawili wa Ujerumani, Otto Diels na mwanafunzi wake Kurt Alder, waliyoitangaza mwaka 1928. Walionyesha kwamba molekuli yenye atomu nne za kaboni zilizopangwa kwa namna maalumu, ikikutana na nyingine inayotoa atomu mbili, huungana nayo zikafanya pete ya atomu sita. Vifungo viwili vipya hufungwa kwa pamoja, wala hakuna atomu hata moja inayotupwa. Kwa njia hiyo wataalamu wamejenga vitu vingi vigumu, zikiwamo homoni na dawa. Mwaka 1950 mabingwa hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijana mmoja akainua mkono akauliza, “Mwalimu, je, kazi hii haiwezi kufanyika ndani ya maji?”

Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nalo. Nikamjibu kwamba vitu hivyo ni jamaa ya mafuta, na mafuta na maji havipatani. Akaketi, na tangu siku ile hakuuliza tena neno.

Miaka ikapita. Nikasoma kwamba mwaka 1980, huko Marekani, Darryl Rideout na Ronald Breslow walijaribu jambo lile lile. Waliunganisha siklopentadieni na butenoni ndani ya maji, na kazi ikaenda upesi zaidi ya mara 700 kuliko ndani ya kiowevu cha jamaa ya petroli kiitwacho isoktani. Sababu yake ilinitahayarisha. Maji hayapatani na mafuta, kwa hiyo huzisukuma molekuli za mafuta zikusanyike mahali pamoja; nazo zikikaribiana, huungana. Kweli niliyoitumia kuliua swali ndiyo hasa iliyokuwa jibu lake. Tena jibu hilo lilikwisha kuandikwa kabla sijaingia darasani. Ni mimi tu sikuwa nimelisoma.

Elimu haikusimama hapo. Mwaka 2000 David MacMillan na wenzake walitangaza kichocheo kidogo kisicho na metali, kilichoiongoza kazi hiyo ya Diels na Alder ndani ya methanoli iliyochanganywa na maji kidogo. Wengi walikuwa wakiamini kwamba uongozi wa namna hiyo ni wa metali na vimeng’enya peke yake. Mwaka 2021 yeye na Benjamin List walipewa Tuzo ya Nobel kwa vichocheo vya aina hiyo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na cheti, kijana alikuwa na swali. Na siku ile swali lilikuwa na thamani kubwa kuliko cheti. Sikupata kumwona tena nimtake radhi. Lakini tangu hapo, mwanafunzi akiniuliza jambo linalochekesha, huwanyamazisha wanaocheka kwanza, kisha humwambia, “Hebu tulitazame.”