Pete Ndogo Yakata Mshipi, Mtoto Aangukiwa na Lawama

Ukizuru Muhuru Bay, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, utawakuta ufuoni watu wengi walioketi chini wakitengeneza vitu. Huyu anashona tundu la wavu, yule anaziba mashua inayovuja, mwingine anafunga ndoana mpya. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi ya uvuvi hufanyika nchi kavu.

Wengi hapa hutumia nyavu, na usiku huwasha taa kuwavutia omena. Fimbo ya kuvulia yenye rili na pete za kupitishia mshipi ni mali ya wachache. Kaka yangu alipewa yake na mgeni aliyemwendeshea mashua kule kisiwa cha Mfangano. Kwa mgeni huyo ilikuwa chombo cha starehe, lakini kwa kaka ni sufuria ya jioni. Sheria ya Kenya imekuwa ikisimamisha uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai ili samaki hao wazaane, na miezi hiyo fimbo ndiyo huleta kitoweo nyumbani.

Basi ukafika wakati mshipi wa fimbo hiyo ukawa unakatika ovyo. Mbuta akishika chambo na kuvuta kidogo tu, tap! Samaki huyo, ameondoka na ndoana. Kaka alinunua mshipi mpya, kisha mwingine mnene zaidi, na fedha za madaftari zikaishia dukani. Na kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, kitu kikiharibika hatutafuti sababu, twatafuta mtu. Lawama zikamwangukia mwanawe wa miaka 12, kwa kuwa aliwahi kuonekana akiichezea fimbo. Alichapwa, akakatazwa kuigusa tena.

“Baba mdogo, mimi sijakata mshipi wa mtu,” aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Nilichukua kipande cha pamba nikakipitisha katika kila pete, nikikizungusha polepole. Pete zote zilikiacha kikapita, isipokuwa moja karibu na ncha, ambayo ilinasa nyuzi za pamba. Nilimwita kaka aje aone kwa macho yake.

Msomaji, pete nyingi za siku hizi zina duara la kauri ndani ya chuma. Kauri ni ngumu na laini, lakini ikigongwa ukingoni mwa mashua hupata ufa mwembamba kuliko unywele. Jicho laweza kuukosa ufa huo, ila mshipi ukivutwa na samaki mzito hupita hapo kama juu ya msumeno. Hata ununue mshipi mnene kiasi gani, utakatika tu.

Kaka hakusema neno. Kesho yake alimwita kijana, akampa ile fimbo aishike, tukaanza kazi watatu.

Nawe waweza kuifanya nyumbani. Kwanza tia alama mahali pete ilipo, kwa maana pete hupungua ukubwa kutoka kwenye mpini hadi nchani, na kila moja ina nafasi yake. Tafuta nyingine ya ukubwa uleule. Kisha chukua wembe ukate uzi uliofunga pete, lakini kata juu ya mguu wa chuma, kamwe usikate juu ya fimbo yenyewe. Mkwaruzo mdogo kwenye fimbo ndipo itakapovunjikia. Gundi iliyobaki ilainishe kwa kitambaa kilichochovywa katika maji moto, uibandue kwa ukucha.

Miguu ya pete mpya isuguliwe kwa tupa hadi ncha zake ziwe nyembamba, ili uzi upande juu yake bila kuruka. Shikiza mguu mmoja kwa utepe wa gundi, uanze kufunga ule mwingine. Uzi wa nailoni wa fundi cherehani wafaa. Upitishe katikati ya kurasa za kitabu kizito kilichofungwa, nao utakazwa vizuri unapoizungusha fimbo. Zikibaki kama duru sita, weka kitanzi cha uzi mwingine juu ya fimbo, umalizie duru hizo juu yake, ukate uzi, utie ncha yake katika kitanzi na kukivuta. Ncha itazama chini ya mafungo, wala hutahitaji fundo.

Kabla ya gundi, iangalie fimbo kutoka kwenye mpini kama fundi anayepima ubao, pete zote ziwe mstari mmoja. Paka gundi ile ya kuchanganya aina mbili, kidogo tu, uendelee kuizungusha fimbo mpaka gundi ishike isije ikaning'inia upande mmoja. Kazi hii ya kuzungusha tulimwachia kijana, naye hakuchoka.

Pete ya nchani kabisa haifungwi kwa uzi pekee, hubandikwa kwa gundi. Mara nyingi ukipasha moto chuma chake kwa mwali mdogo, bila kuunguza fimbo, gundi hulainika na pete huvutika moja kwa moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa pete ulizibwa kwa saa chache. Ule wa baba na mwana huchukua muda zaidi, maana mtoto aliyechapwa bila kosa hasahau haraka, nasi wazazi huona haya kumwambia pole. Kwa hiyo msomaji, mshipi ukikatika, kabla ya kwenda dukani, na kabla ya kumwita mtoto kwa ukali, tafuta kwanza kipande cha pamba.